Mtindi wangu hauui minyoo: namna ya kutibu tumbo bila kuwafukuza bakteria wema

Kwa miaka minne ubao wangu hapa Kayenze, Mwanza, kwenye njia ya kuteremkia mwaloni wanakoshushia samaki, ulikuwa na maandishi mekundu: MTINDI SAFI. UNAJENGA MWILI. UNAUA MINYOO. Hayo ya mwisho niliyaongeza mwenyewe. Wateja walikuwa wanauliza kila siku kama mtindi unaua minyoo, na mimi ni mfanyabiashara, nikajibu ndiyo. Wavuvi wa dagaa wakirudi alfajiri walipiga kopo moja, wengine mawili, na kuniambia, "Mama Kulwa, leo nasafisha tumbo." Nikapokea hela.

Aliyeniumbua ni mwanangu. Nina mapacha, Kulwa na Doto, wakati huo wana miaka sita. Kila asubuhi kabla ya shule walikunywa mtindi kutoka sufuria moja, kikombe sawa kwa sawa. Kulwa akaanza kulalamika tumbo. Nikaenda duka la dawa, sikupima chochote, nikapewa metronidazoli, vile vidonge vichungu vya amiba. Nikampa na sukari. Tumbo likatulia siku nne, likarudi. Nikarudia. Ndani ya miezi mitatu nimempa mara tatu. Halafu asubuhi moja ananiita kutoka chooni: "Mama, njoo uone nyungunyungu!" Alikuwa na urefu wa shibiri hivi, mnene kama kalamu, rangi yake kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Bibi yangu, kwa Kisukuma chake, angemwita nzoka na kwenda kuchimba mizizi. Mimi nilimfunika na kopo, nikampigia simu shemeji yangu ambaye anafanya kazi maabara katika zahanati moja.

Alipofika aliutazama ubao kwanza, akacheka. "Shemeji, ubao huu ungekuwa wa kweli, mimi nisingekuwa na kazi."

Ninayoandika hapa ni niliyojifunza kwake na katika makala alizonisomea, pamoja na ninayofanya nyumbani na dukani tangu siku ile. Kama una mtoto, na kama unakunywa mtindi ukiamini unakufanyia kazi ya dawa, soma.

Pima kabla ya kumeza

Chukua kopo safi kavu lenye mfuniko. Mtoto ajisaidie kwenye beseni au kwenye gazeti, usichote choo kilichoanguka kwenye udongo wala kilichochanganyika na mkojo. Kiasi cha ncha ya kidole gumba kinatosha. Peleka asubuhi hiyo hiyo, kisilale.

Nilimwomba shemeji nione wanavyofanya. Wanasukuma choo kwenye kipande cha wavu, kinachopenya wanakijaza kwenye tundu la kibao kidogo linalobeba miligramu 41.7, wanafunika na karatasi ya selofani iliyolowekwa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani. Njia hiyo inaitwa Kato-Katz. Wanahesabu mayai yote wanayoyaona, wanazidisha kwa 24, wanapata idadi ya mayai katika gramu moja. Jambo moja la kuuliza bila aibu: kioo kisomwe mapema. Mayai ya safura, yule mnyoo mdogo anayenyonya damu utumboni, yanayeyuka machoni kwa ile gliserini ndani ya muda wa saa moja hivi, na ukichelewa utaambiwa mtoto hana kitu. Huku kanda ya ziwa safura ni wengi, kwa hiyo hilo si dogo.

Kioo cha Kulwa kilikuwa na mayai ya aina mbili. Ya kwanza ya mnyoo mkubwa wa mviringo, yale yenye ganda la mikunjo. Ya pili nilitazama mwenyewe, jicho moja nimelifumba kwa kidole kwa sababu sikujua kulifumba bila kulishika: kipipa kidogo cha kahawia, na kila upande kina kizibo cheupe kinachong'aa. Mnyoo mjeledi. Shemeji alihesabu vipipa 31, maana yake 744 kwa gramu. Kioo cha Doto kilikuwa kitupu. Mtindi ule ule, kikombe kile kile. Tofauti yao ni kwamba Kulwa anakula udongo na Doto ni mtoto wa kukaa ndani. Mayai ya minyoo hao wawili yanaingia kwa mdomo, baada ya kukaa kwenye udongo wiki kadhaa yakikomaa. Safura yeye mara nyingi anaingia kwa ngozi ya mguu, ndiyo maana viatu vinamzuia yeye na havimzuii mviringo.

Nani anayemfungulia mnyoo mlango

Hapa ndipo nilipokaa kimya. Mimi nilikuwa najua bakteria wema wapo tumboni kutulinda. Kweli wapo, ni wengi mno, hasa kwenye utumbo mpana, na kazi wanayofanya ni kubwa. Lakini wao hawajui wewe unataka nini. Wanaishi maisha yao.

Mwaka 2010 watafiti wa Manchester, Uingereza, walichukua mayai ya mnyoo mjeledi wa panya, ndugu wa huyu wetu, wakayaweka kwenye joto la mwili, nyuzi 37. Yakiwa peke yake yalikaa tu. Wakiweka bakteria wa kawaida wa utumbo, wale waitwao E. koli, bakteria walijikusanya kwenye vile vizibo, wakavishika kwa vinyweleo vyao, na mayai yakaanguliwa. Halafu wakawapa panya dawa ya kupunguza bakteria tumboni, na panya hao wakapata minyoo wachache. Kwa lugha ya dukani kwangu: mnyoo amejifungia ndani, na anayemfungulia ni mpangaji wako wa siku zote.

Usikimbilie kusema basi tuue bakteria. Nilimwuliza shemeji hivyo hivyo, akanikumbusha vile vidonge vichungu. Metronidazoli inaua amiba na jiadia, vimelea vidogo vya kuharisha, na inaua bakteria wasiopenda hewa, ambao ndio wakazi wengi wa utumbo mpana. Mnyoo wa mviringo haimgusi. Mimi kwa miezi mitatu nilikuwa nabomoa nyumba za majirani huku mwizi kakaa sebuleni. Na mtoto aliyevurugwa bakteria wake anaharisha kirahisi, na vimelea vya maradhi mengine vinapata nafasi.

Na mtindi je?

Mtindi umejaa bakteria wa kuchachua maziwa, baadhi yao wa kundi la laktobasili. Nilitaka sana kusikia kwamba wanapigana na minyoo. Majibu ya panya yanagongana. Mwaka 2008 walichapisha kwamba panya waliopewa Lactobacillus casei walishikwa zaidi na mnyoo mjeledi. Mwaka 2013 wengine wakaonyesha kwamba Lactobacillus rhamnosus wa aina ya JB-1 aliwasaidia panya kumtoa mnyoo huyo huyo haraka zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Edinburgh wakatoa habari ya mnyoo mwingine wa panya: akiingia, laktobasili wanaongezeka, na panya wakiongezewa laktobasili wa aina fulani kabla, mnyoo anakaa vizuri zaidi. Inavyoonekana hao wawili wanasaidiana kuutuliza ulinzi wa mwili, kila mmoja akifaidika na usingizi wa mlinzi.

Kwa hiyo mtu akikuambia "mtindi unaua minyoo" mwulize: mtindi wa bakteria gani, mnyoo gani, kwa nani? Hata ndani ya jina moja wanatofautiana. Hapa Mwanza, Mabatini, akina mama wa kikundi cha Tukwamuane walianza mwaka 2004 kutengeneza mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus GR-1, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Western cha Canada. Ni rhamnosus, lakini si yule JB-1 wa panya. Ukoo mmoja, nyumba mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 juu ya mtindi wa namna hiyo kwa wajawazito na watoto wa shule wa Mwanza uliangalia madini yenye sumu, kama zebaki na aseniki. Minyoo haikuwa hoja yake. Ni kazi ya kuheshimu, ila usiibebeshe mzigo ambao haikubeba.

Wapo pia wanaosema minyoo ni mizuri, eti wazungu wanajiambukiza makusudi watibu mzio na matumbo. Kuna ukweli ndani yake: kwa panya fulani wenye hitilafu ya utumbo, mnyoo mjeledi aliongeza ute wa kuta za utumbo na kubadili bakteria kwa namna iliyowafaa. Lakini hao ni panya wa maabara. Mtoto wa Kayenze mwenye safura anapungukiwa damu kila siku na analala darasani. Mimi mjadala huo nawaachia wenye nafasi.

Tibu kwa mpangilio huu

Dawa ya minyoo kwanza. Albendazoli miligramu 400 mara moja kwa mtu mzima na kwa mtoto wa miaka miwili na kuendelea. Wa kati ya mwaka mmoja na miwili hupewa 200. Mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza asipewe. Dawa hii humpiga mviringo vizuri sana, lakini mnyoo mjeledi mara nyingi huishinda dozi moja. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kulwa. Baada ya wiki tatu tulipima tena: mayai ya mviringo hakuna, vipipa vipo 12. Tabibu akaandika albendazoli siku tatu mfululizo. Nisingerudi kupima, ningeendelea kusema dawa za siku hizi ni feki.

Mtoto akipewa kingatiba shuleni, ale kwanza. Asubuhi ya siku hiyo usimpeleke na tumbo tupu ukidhani dawa itafanya kazi zaidi. Ile ya kichocho hasa, prazikwanteli, inakoroga tumbo na kutia kizunguzungu kwa asiyekula, na chakula kinaisaidia kuingia mwilini.

Dawa za bakteria zisubiri ushahidi. Tumbo kuuma peke yake si ushahidi. Ukiandikiwa kwa sababu iliyoonekana kwenye kipimo, maliza dozi. Ukijiandikia mwenyewe dukani, unajua sasa nani anaumia.

Baada ya hapo ndiyo unalisha bakteria. Na hapa naomba unisikilize kinyume cha biashara yangu: bakteria wa mtindi wengi wao ni wapita njia. Ukiacha kunywa, baada ya siku chache huwaoni tena kwenye choo. Wakazi wenyewe wanalishwa na vile vitu ambavyo utumbo mwembamba umeshindwa kuvimeng'enya, nyuzinyuzi na wanga mgumu. Wanavichachua na kutoa asidi, mojawapo butireti, ambayo ni chakula cha kuta za utumbo mpana. Kwa hiyo maharage, choroko, karanga, nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa), ugali wa mtama. Michembe yetu, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ikichemshwa na kuachwa ipoe, ina wanga wa aina hiyo, na ukiila na mtindi umewapa wenyeji na wageni kwa pamoja. Wasukuma tulikuwa tunakula hivyo kabla sijajua neno bakteria. Mtoto mchanga kazi hiyo inafanywa na maziwa ya mama, yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya, zimewekwa kwa ajili ya bakteria wake.

Mtindi usiobeba mayai

Mtindi hauui minyoo, ila unaweza kuwaleta. Hapa nina aibu yangu. Zamani mtindi ukiwa mzito nilikuwa nauzimua na maji ya dumu, na dumu lilijazwa ziwani. Chupa nilizookota kwenye sherehe nilizisuuza kwa maji hayo hayo. Sasa nafanya hivi.

Nachemsha maziwa mpaka yaumuke, napunguza moto na kukoroga dakika kumi zaidi. Maziwa mabichi yanaweza kuwa na bakteria wa brusela na hata kifua kikuu cha ng'ombe, usiniambie habari ya ladha. Sufuria naitumbukiza kwenye beseni la maji baridi, naikoroga ipoe hadi kidole kidogo, kilichooshwa kwa sabuni, kivumilie nikihesabu moja mpaka kumi. Kikishindwa kufika tano, bado ni moto, utawaua wachachuaji. Kisipohisi joto kabisa, umechelewa, pasha kidogo. Natia mtindi wa jana vijiko viwili vya chakula kwa kila lita, ule wa katikati ya chombo, siyo wa juu uliopigwa na upepo. Nakoroga mara moja tu, nafunika, nazungushia blanketi kuukuu na kuiweka sufuria kwenye kikapu cha maranda. Usiku wa joto saa sita zinatosha. Upepo wa ziwa ukivuma, saa tisa mpaka kumi. Ukigusa chombo kwa pembeni na mtindi ukatikisika wote kwa pamoja kama uji mzito uliopoa, umeganda. Ukijitenga na maji mengi ya njano na harufu ya chachu, mwaga, anza na mbegu mpya.

Kuzimua, maji yaliyochemshwa tu. Klorini usiitegemee kwa mayai ya mviringo. Ganda lake linaistahimili. Joto la kuchemka ndilo linaloyamaliza. Mboga za kachumbari nazo siweki imani kwenye chumvi: jani moja moja chini ya maji yanayotiririka, nalisugua kwa vidole, kwa sababu yai linanata na linahitaji kung'olewa. Jike mmoja wa mviringo anaweza kutaga mayai laki mbili kwa siku, kwa hiyo choo kimoja kilichoachwa nyuma ya migomba ni shehena. Kucha za Kulwa nazikata kila Jumapili, analia kila Jumapili.

Na ziwa

Kichocho cha tumbo ni habari nyingine kidogo. Minyoo yake hawakai ndani ya utumbo, wanakaa kwenye mishipa ya damu inayouzunguka, na mayai yao yanatoboa ukuta wa utumbo ili yatoke na choo. Yakitoboa, bakteria wa ndani wanapata upenyo. Mengine yanakwama, yanaenda ini. Ukiona damu kwenye choo na wewe ni mtu wa majini, usianze na dawa ya amiba.

Kuna mteja wangu mvuvi aliyetibiwa taifodi, akapona, ikarudi, akatibiwa tena, ikarudi. Shemeji ndiye aliyeshauri apimwe choo, na mayai ya kichocho yakaonekana, lile yai lenye mwiba ubavuni. Salmonela, bakteria wa ukoo wa taifodi, wanaweza kujibandika kwenye ngozi ya mnyoo wa kichocho na kujificha hapo dawa ikipita. Wakaitibu taifodi na kichocho pamoja. Prazikwanteli ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na kidonge kina 600. Yeye ana kilo 60, akapewa vinne. Minyoo wachanga wa kichocho dawa haiwapati vizuri, kwa hiyo aliambiwa arudie baada ya wiki kadhaa, na alirudi. Analipa mtindi wake kwa dagaa.

Maji ya kuogea watoto ninayoteka ziwani nayaacha kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili kamili kabla ya kuyatumia. Vijidudu vya kichocho vinavyotoka kwenye konokono wa ziwani havina chakula, vinakufa vyenyewe. Konokono hao huviachia zaidi jua likishapanda, kuanzia saa nne asubuhi mpaka mchana, saa zile zile watoto wanazopenda kuogelea. Wakati wa likizo ndipo ninapogombana na Kulwa zaidi. Wa kwangu hupimwa mara mbili kwa mwaka, wote wawili, hata Doto asiyekula udongo, na safari ya mwisho ni Doto aliyekutwa na mayai ya safura. Alikuwa ameacha kandambili zake shuleni.